Gitaa la Awadhi Mwenyewe

Awadhi alikuwa ameshazirekebisha nyuzi tatu kati ya nne za gitaa lake la besi, umebaki ule mnene uliokuwa bado unakwaruza vyuma vya shingoni, mkurugenzi wa bendi alipoingia ukumbi wa mazoezi pale Ilala.

"Shikamoo, mkurugenzi."

Mkurugenzi alilinyooshea gitaa kidole.

"Hilo gitaa la nani?"

"Langu. La mtumba, nimelinunua Kariakoo."

Wenzake waliacha kupiga. Katika bendi ile vyombo vyote vilikuwa mali ya mkurugenzi. Mwanamuziki aliyehama alitoka mikono mitupu, ndiyo maana wachache walithubutu.

"Kumbe siku hizi tajiri! Vyangu vinakuwasha?" Mkurugenzi alicheka peke yake. "Lipeleke stoo likakae na vyangu. Funguo ninazo mimi."

Awadhi aliliinamia gitaa. Rangi ilikuwa imebanduka pale mkono wa mtu mwingine ulipoegemea kwa miaka, na ubao wa hapo ulikuwa umelainika kama kipande cha sabuni. Akauweka mkono wake hapo hapo. Kisha akaingiza spana kwenye skrubu ya shingo, akalegeza robo mzunguko, taratibu, akaichomoa.

"We bwana, nimesema stoo!"

"Shingo haitaki pupa, mzee," alijibu kwa sauti yake ile ile ya chini. "Inabidi ilale hivi hivi itulie. Kesho namalizia."

"Kesho humu hukanyagi!"

"Sikusema namalizia humu," alisema Awadhi, akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akavuta zipu.