Upande wa Katani

Kwenda na kurudi, Somoe ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa Nassibu, mumewe, alidai kwamba mgongo ulimsumbua. Asubuhi, walipokuwa wakienda, bahari ilikuwa upande wa mume. Sasa, wakirudi, ilikuwa upande wa mke, na upande wa mume palikuwa na shamba la katani lisilokuwa na mwisho.

Nassibu aliteremsha kioo chake, akaelekeza kidole kwenye katani.

"Mama Hidaya, tazama bahari ilivyotulia leo."

Somoe alidhani ni mzaha, akamgeukia ili amcheke. Uso aliouona haukuwa na mzaha. Ulikuwa uso wa mtu asiyeona, anayejitahidi asigundulike.

"Naiona," alisema Somoe, huku akipunguza mwendo. "Imetulia kweli."

"Mwakani tutafika hadi kwenye mnara wa taa. Nitaendesha mimi. Wewe waendesha kama uliyepakia mayai."

"Na maandazi ya njiani atapika nani?"

"Wewe, bila shaka. Dereva hapiki."

"Haya, dereva," alijibu Somoe.

"Simama basi, tuitazame kidogo."

Somoe alisimamisha gari kando ya barabara. Nassibu alishuka, akasimama wima akiikabili katani, akitabasamu, huku upepo wa bahari ukimpiga kisogoni. Somoe alimwendea kwa nyuma, akainua mikono ili amgeuze. Mikono ikabaki hewani, karibu kabisa na mabega yake.