Masharubu Yaliyobaki Nyumbani

Nusu ya kushoto ya masharubu ilikuwa imeshaanguka kwenye sinki mkewe alipogonga mlango wa bafu kuuliza kama amefia humo. Akajibu kwamba ananyoa. Akaulizwa ananyoa nini, maana ndevu hana. Akasema joto la mbugani halitaki nywele usoni. Mkewe akasema haya, ila asimwachie uchafu kwenye sinki.

Ukweli ni kwamba mzee mzima alikuwa amekalia kuti kavu. Watoto wao walikuwa wamechanga, wakawalipia wazazi mapumziko ya jubilei ya ndoa katika hoteli ya kitalii katikati ya mbuga. Hoteli zimejaa duniani. Wao wakaichagua ile ile aliyofikia baba yao mwaka jana kwa kile alichokiita semina. Semina yenyewe ilikuwa na washiriki wawili, yeye na mhasibu wa kike wa idara ya jirani, na ajenda mnaijua.

Kazi yake ilikuwa kukagua mizani ya mabucha, lakini semina zake zilikuwa nyingi kuliko mizani, hata watoto wakambandika jina la Baba Semina. Mkewe, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, hakuwahi kumhoji. Wiki za semina zilimkuta na yeye yuko zamu za usiku mfululizo, na aliporudi nyumbani alikuwa hoi, hana hata nguvu ya kuuliza.

Simba hawakumtisha. Aliyemtisha ni dada wa mapokezi. Yule dada alikuwa hasahau sura ya mtu. Mwaka jana Baba Semina alimsikia kwa masikio yake akimkaribisha mgeni aliyekuja zamani, akamuulizia hadi hali ya goti lake. Jina halikuwa tatizo, kwani mwaka jana alijiandikisha kwa jina la bosi wake, Mungu amsamehe. Tatizo lilikuwa uso. Dada akisema tu, "Karibu tena, baba," basi ndoa yote inamwagika pale pale juu ya zulia.

Alijaribu kukwepa. Aliwaambia watoto kwamba kwa umri wake ufukweni kungefaa zaidi. Cha ajabu, mkewe, ambaye hawajawahi kukubaliana naye hata juu ya rangi ya pazia, alimuunga mkono papo hapo. Upepo wa bahari ni dawa ya presha, alisema, tena kwa ukali wa kiuguzi. Baba Semina alimpenda upya siku ile. Lakini watoto walikuwa wameshalipa, na hela hairudishwi.

Basi maandalizi yakaanza, na mama ndiye aliyeyaendesha, kama anavyoendesha wodi. Alimpokonya sanduku lake gumu la magurudumu, akamwambia ndege ndogo inataka mikoba laini. Mashati yote ya bluu akayatoa, eti mbung'o wanaipenda rangi hiyo. Akaongeza sweta zito, kwa sababu alfajiri ndani ya gari la wazi baridi inang'ata mpaka kwenye mifupa.

Baba Semina aliyajua yote hayo kwa uchungu. Mwaka jana mbung'o walimla mgongo mzima, mhasibu akashinda akimpaka dawa. Lakini ilimbidi ashangae, naye akashangaa kwa bidii.

"Haya yote umeyajulia wapi, mama?" akauliza, maana mume asiyejua kitu ndivyo angeuliza.

"Wagonjwa wanaongea," mkewe akasema, akaendelea kukunja nguo.

Siku moja kabla ya kuondoka Baba Semina alinunua kofia pana na miwani myeusi. Alijua atachekwa. Mkewe hakucheka. Alivitazama kwa makini, akachukua pochi, akatoka, akarudi na kofia pana zaidi, miwani iliyofunika nusu ya mashavu, na mtandio wa kuzungushia kidevu. Ngozi ya mtu mzima haitaki jua, alisema. Wakavijaribu pamoja mbele ya kioo cha kabati, wakaonekana kama majambazi waliostaafu.

Kutoka uwanja mdogo wa ndege hadi hotelini, dereva aliwaonyesha twiga, pundamilia, na tembo na mtoto wake. Baba Semina hakuona hata mkia. Mkewe naye alikuwa anakaza mtandio tu, labda kwa vumbi. Mawingu yalikuwa yametanda mbingu nzima, lakini hakuna aliyevua miwani.

Na yule dada, bila shaka, alikuwepo. Alisimama mlangoni na sinia la juisi, akitabasamu kwa meno yote. Baba Semina alihisi jasho likimtiririka mahali palipokuwa na masharubu.

"Karibu sana, baba," dada akasema, akamtazama usoni. Akamtazama tena. "Ndiyo mara yako ya kwanza kwetu?"

"Ya kwanza kabisa," akajibu, kwa sauti nyembamba ambayo hata yeye hakuijua.

Dada akaitikia kwa kichwa, akampa glasi, akamweleza kwamba giza likiingia asitembee nje peke yake. Basi. Amepita! Baba Semina alitamani kumbusu mtu yeyote aliye karibu. Alikunywa juisi yote kwa pumzi moja, akavua kofia, akatoa tumbo nje bila aibu. Akamwona mkewe bado amejifunika vile vile, amewapa mgongo, anachunguza picha ya pundamilia ukutani. Akamhurumia. Akaenda akamshika bega, akamgeuza taratibu, na kwa mikono yake mwenyewe akamvua kofia, mtandio na miwani, apate hewa.

Dada wa mapokezi karibu aangushe sinia kwa furaha.

"Jamani, mama, karibu tena!" akasema. "Chumba chenu kile cha kando ya mto kiko wazi. Mzee anakuja na ndege ya jioni?"