Sauti ya Mpagazi

Katuni ilipoanza, watoto walijibana mkekani, bibi yao katikati. Mama yao alisimama mlangoni na sahani iliyolowa mkononi. Kazi yake ni kuigiza sauti za katuni kwa Kiswahili, na leo walikuwa wanamsikia kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa katuni ya zamani, ya wasafiri wanaotafuta kisiwa kilichopotea. Yeye aliigiza mpagazi, mweusi pekee katika msafara mzima, mtu wa kubeba mizigo na kuogopa kivuli chake.

"Huyu ni mshamba," msimamizi alikuwa amemwambia studioni. "Mtafutie sauti ya kuchekesha."

Hakuitafuta mbali.

Mpagazi akateleza, masanduku yakamwangukia. Akakohoa kidogo, kama anayebisha hodi, kisha akayaburuta maneno: "Jamaniii, miguu yangu mieee."

Watoto wakavunjika mbavu. Bibi naye akacheka, mpaka kitinda mimba alipomgeukia.

"Bibi, anaongea kama wewe."

Kicheko kikamkauka. Akaitazama runinga, kisha akamtazama bintiye pale mlangoni, kwa muda mrefu. Binti akainamia sahani, akaanza kuifuta kwa kanga.  Vipindi ishirini na sita, vyote vilikwisha kurekodiwa kwa sauti hiyo.

"Bibi, sema kama yeye. Mara moja tu."

Kikohozi kilimpanda bibi, akakizuia kwa kiganja.  Akageukia jagi la maji na kulinyooshea kidole, bila kusema neno.