Utepe wa Njano

Darasa la ugavi lilimfundisha Sikudhani kwamba mzigo uliotangulia kuingia ghalani ndio hutangulia kutoka. Leo yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, anaelekeza makuli wanaopakia lori. Vumbi la maharage linaelea kwenye mwanga kama moshi wa ubani.

Gunia lililoshonwa mdomo kwa utepe wa khanga ya njano linapita begani kwa kuli. Hivyo ndivyo mama yake alivyoshona magunia yao ya maharage ya kuuza, mpaka alipozikwa masika haya.

“Subiri, kaka.”

“Dada, hili ndilo la zamani kuliko yote. Lori linangoja.”

Sikudhani anaugusa mshono, kidole kikipita ndani ya kitanzi cha ncha ya utepe. Bado umekaza, kana kwamba aliyeushona amekwenda kunawa mikono tu.

“Haya, pakia.”

Kuli anapiga hatua, na utepe unaanza kunyooka kati ya gunia na kidole cha Sikudhani.