Sailensa Mbili

"Hii inanguruma vizuri," fundi alimwambia Chirau, akiinua sailensa ya kwanza. "Na hii ya pili haisikiki kabisa."

Chirau alikuwa amekuja karakana ya Ukunda kubadilisha sailensa iliyotoboka ya gari lake dogo la spoti. Akaishika ile ya kwanza.

"Sauti ya gari hili naijua," fundi alisema, akifuta masizi vidoleni. "Jumanne ulipita Msambweni tukimzika mama. Imamu alikatiza dua mpaka ukatokomea."

Hakusema kwa hasira.

Chirau aliwakumbuka wale watu wenye kofia nyeupe. Alikuwa amekanyaga mafuta makusudi, ili wageuke wamtazame.

"Pole sana, kaka," alisema.

"Nishapoa. Haya, nifunge ipi?"

Chirau alionyesha ile isiyosikika, asithubutu kumtazama usoni.