Safari ya Mama Mkwe

"Endelea kumsomea," daktari aliniambia. "Huenda anasikia."

Tangu apatwe na kiharusi, mke wangu hakuwa ametamka neno. Kila asubuhi niliketi kando ya kitanda na kumsomea riwaya nene ya zamani, ambayo alipokuwa mzima aliiita tofali. Yeye alitazama dari tu.

Mwandishi hakuwa na haraka. Hakumtaja farasi kabla ya kukueleza ukoo wake. Hata hivyo sikuruka mstari. Ndivyo nilivyofunzwa kusoma, shule ya usiku.

Lakini asubuhi hiyo, ndani ya riwaya, mama mkwe alikuwa safarini kwenda harusini, kurasa kwa kurasa za matope na magurudumu yaliyonasa, na moyo ukanivunjika. Nilikuwa namsomea nani? Nikalowesha kidole, nikafunua kurasa nyingi kwa mkupuo, nikaanza kusoma harusi.

Kidole cha mke wangu kikakwaruza shuka.

"Umeruka."

Sikuthubutu kugeuka haraka, nisije nikaifukuza ile sauti.

"Unasemaje, mama?"

Midomo ilimwenda upande. Aliyatafuta maneno moja moja, na uso ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Mama mkwe hajafika," alisema. "Wataoanaje?"