Chujio Amekataa Tena

“Kakataa tena!”

Mwalimu Esteri aliitupa simu kwenye kochi. Mshenga Tharsisi, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kwenye maneno matamu, ikabidi aanze upya.

Wageni walikuwa wametoka Kibondo kuja Kasulu kumposa Nadine, binti wa Esteri. Baba yake alishafariki, hivyo neno lilikuwa la mama peke yake. Na mama siku hiyo alikuwa amefura.

“Mnisamehe, wageni wangu. Kuna programu ya bure ya zahanati, imetengenezwa na watu wa kujitolea. Mwongozo wake mtu yeyote anaruhusiwa kuusahihisha. Makosa ya tahajia yamejaa humo kama mawe kwenye mchele! Manesi wetu ndiyo wanasoma uchafu huo. Nimesahihisha ukurasa mzima, nikaweka na alama: tatu kwa kumi. Sasa kuna mhakiki mmoja anajiita Chujio. Kila nikituma, anakataa. Eti nitume kosa moja moja, na alama niziondoe. Mimi! Niliyezeeka na chaki mkononi!”

“Yoo, pole sana mama,” alisema Tharsisi.

“Hajalelewa huyo. Ningemjua, hapa kwangu asingepata hata maji.”

Nadine, aliyekuwa akipanga vikombe, alimtupia jicho mchumba wake. Kijana huyo, Reverien, aliinamisha kichwa. Siku ya posa kijana hasemi, husemewa. Jasho lilimtoka, na mikono alikuwa ameiweka chini ya meza kwa adabu.

Tharsisi alikohoa. “Kijana wetu ni mtulivu, mama. Anakagua kazi za watu. Kibovu hakipiti kwake.”

“Anakagua kahawa?” Esteri hakusubiri jibu. “Vizuri. Wakaguzi wa kahawa wana macho, si kama huyu mjinga wangu.” Akashusha pumzi. “Lakini nisiwadanganye, bwana Tharsisi. Leo moyo umechafuka. Mtoto hatolewi kwa hasira. Rudini nyumbani, tutaitana.”

Tutaitana! Kila mtu alijua maana yake. Nadine aliweka kikombe cha mwisho mezani, machozi yakimlenga. Posa yake inaharibika kwa sababu ya tahajia!

Simu ikalia kwenye kochi. Esteri aliinyakua, tayari kwa vita, akasoma:

“Masahihisho yako yote yamekubaliwa, hata alama. Shikamoo mama. Ni mimi niliyekaa mbele yako, naomba usinikatae.”